Mbodze wa Tudor na Mtoto Aliyetaka Kuhesabiwa

Alizaliwa Ribe mwaka 1958, mtoto wa tano wa fundi viatu Ngumbao, na siku ya ubatizo akapewa jina la Everlyne, ingawa hakuna aliyemwita hivyo ila kasisi. Sisi tulimjua kwa jina la Mbodze. Waliomlea husema alikuwa mpanda miti mwenye ulimi mkali, na mimi niandikaye sioni haja ya kulificha hilo, maana watakatifu hawazaliwi wamepigwa pasi. Mwaka 1980 alikuja Mombasa, akapika katika shule moja kwa miaka thelathini, akiishi Buxton, na kila Jumapili akifundisha watoto katika kanisa letu dogo la Tudor.

Wito wake ulimjia alipostaafu. Aliona watoto wa mtaa wakifukuzwa kila kona kwa kelele zao, akawaombea ua wa kanisa kila Jumamosi alasiri. Wakaja wa kanisani na wa madrasa, wala hakuuliza dini ya mtu. Mchezo waliopenda ulikuwa kati: wawili hurushiana mpira, walio katikati huukwepa, na aliyepigwa “amekufa”, hutoka nje mpaka mchezo uanze upya.

Mwaka 2017 jirani mmoja, Bi Shukri, alimleta bintiye Fairuz, mwenye miaka tisa, aliyetembea kwa magongo. Kote alikompeleka mtoto aliambiwa akae atazame, na mama alikuwa amechoka. Akasema wazi, “Mama Mbodze, hapa ndio mwisho. Mwanangu akirudi analia tena, simtoi tena nyumbani.” Mbodze, kwa nia njema, akawatangazia watoto kwamba Fairuz atakuwa “bure”. Neno hilo walilijua: bure ni mdogo au mnyonge anayeachwa aingie mchezoni, lakini akipigwa hahesabiwi. Wakakubali wote, wakamrushia mpira polepole na kumpigia makofi. Lo! Alikosea vibaya, na kosa hilo alitusimulia mwenyewe kila mwaka bila kujitetea.

Maana Jumamosi ya tatu alimkuta Fairuz nyuma ya tangi la maji, analia kwa kwikwi. Akamwuliza ana nini.

“Mwalimu, nataka kufa.”

Mbodze akaketi chini, akamkumbatia, akaanza kumwombea na kumsihi asiseme maneno hayo. Fairuz akamsukuma kwa hasira. “Siyo hivyo, Mwalimu! Nataka kufa kama Levi! Kama Joy! Wao wakipigwa wanakufa. Mimi napigwa, napigwa, wala sifi. Mimi ni bure.”

Mbodze alimwomba radhi papo hapo, kisha akafanya jambo alilopaswa kulifanya siku ya kwanza: akamwuliza mtoto mwenyewe mchezo uchezweje. Fairuz akajibu hata bila kufikiri, “Wote wakae chini.” Basi sakafu ya saruji ikafagiwa, watoto wakaketi, mpira ukabiringishwa badala ya kurushwa, na kila mtu akaukwepa kwa kujisukuma kwa mikono. Hapo majaribu yakaanza. Watoto wakubwa saba walisema mchezo umeharibiwa, wakaenda zao. Mzee Samuel wa baraza la kanisa akaja juu kwamba watoto wanamaliza nguo kwa kuburura matako. “Mzee wangu,” Mbodze akamjibu, “nguo hushonwa,” akaendelea na watoto wanne waliobaki.

Wapo wasemao kwamba siku moja Fairuz alitupa magongo akatembea. Si kweli, jamani, na tusimzulie mtumishi wa Mungu miujiza. Kilichotokea ni kwamba mikono iliyobeba mwili miaka yote ilikuwa na nguvu kuliko ya wenzake, na pale sakafuni Fairuz hakushikika. Wale saba walirudi kuchungulia, mwishowe wakaketi nao. Jumamosi moja Bi Shukri alifika langoni akamsikia Levi akipiga kelele, “Fairuz mwizi! Mpira umemgusa, amekufa, hataki kutoka!” Na Fairuz akijibu, “Mwongo wewe! Haukunigusa!” Mama akataka kukimbilia kumtetea, Mbodze akamshika mkono. “Mwache, dada. Wanagombana naye.”

Bi Shukri akasimama, akafunika uso kwa mtandio, akalia. Kwa miaka tisa hakuna mtoto aliyemwona bintiye kuwa wa kugombana naye. Fairuz alibisha mpaka sauti ikamkauka, kisha akakiri kwamba mpira ulimgusa, akatoka nje akicheka.

Mbodze alifariki Aprili 2023 kwa maradhi ya moyo, na jeneza lake lilisindikizwa na watoto wa dini zote mbili. Ua ule leo una watoto thelathini. Yupo Chonga, asiyeona, ambaye mpira wake umetiwa njuga ndani, na wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Wewe unayetaka kumwiga mama huyu, usidhani huruma yatosha. Huruma alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyomliza Fairuz. Mwulize mtoto anataka nini, umfanyie hivyo. Na akipigwa, mtoe nje kama wenzake.