Filta Yenye Neno Dijitali

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Julai 2007, nilisikia gari la mshindani wangu likipanda mwamba ulio juu ya Ziwa Nakuru. Hoteli moja mpya mjini ilitaka picha moja kubwa ya ziwa kwa ukuta wa mapokezi, nasi wawili ndio tulioombwa kujaribu. Yeye alikuwa na duka la vipuri, nyumba Milimani, mtaa wa wenye pesa, na kamera ya dijitali ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa na kamera ya filamu na miaka mingi ya kujisomea upigaji picha katika vitabu vya mitumba. Nilitumia slaidi, filamu inayotazamwa kwa kuinuliwa kwenye mwanga, na kuisafisha ilibidi niitume Nairobi.

"Boss, bado unangoja wiki mbili ndio uone picha?" Akanionyesha yake papo hapo. Maji yalikuwa meusi, bila mng'aro, na flamingo wamekolea rangi.

"Ni hii filta inakata mng'aro. Jaribu, mimi niko na ingine."

Ukingoni iliandikwa kwa dhahabu: Dijitali. Nilitamani kuikataa, lakini mkono ulishaipokea. Niliifunga juu ya filta nyeupe, ya kioo kitupu, ya kukinga lenzi, ambayo kwa vumbi la Nakuru sikuwahi kuitoa. Nikapiga roli nzima kwa lenzi pana, ile inayoingiza ziwa lote kwenye picha moja.

Slaidi zilirudi zikiwa na pembe nyeusi, zote nne. Nilipaswa kusikitika. Badala yake nilizibeba hadi dukani kwake, karibu kwa furaha.

"Filta za dijitali zinaharibu filamu," nilimwambia.

"Kioo si ni kioo, mzee?"

"Kwa kamera yako, labda."

Hoteli ilikuwa haijaamua. Niliagiza Nairobi filta iliyotengenezwa enzi za filamu, nikarudi mwambani peke yangu. Safari hii pembe zilirudi nyeusi zaidi.

Hapo ndipo nilipoziweka zote mezani. Ukingo wa filta yake ulikuwa mwembamba kama sarafu. Wa ile niliyoagiza ulikuwa mnene mara mbili. Na chini ya zote mbili nilikuwa nimeacha ile nyeupe, hivyo kingo mbili zilizopandana zilikuwa zikiziba pembe za lenzi pana. Niliitoa, nikafunga yake peke yake. Slaidi za roli ya tatu zilikuwa safi hadi pembeni.

Lakini picha yake ilishatundikwa kwenye mapokezi ya hoteli, kubwa kama mlango. Nilisimama chini yake nikizikagua pembe moja moja, nikitafuta kasoro.

"Imetoka poa, ama?" meneja akauliza.

"Imetoka."

Nilipompelekea mwenyewe filta yake, hakuipokea. "Kaa nayo, mzee. Si nilikuambia niko na ingine?"

Ninayo mpaka leo, na kila ninapoifunga nauona ule ukuta. Ile filta niliyoagiza, pamoja na roli mbili zilizoharibika na usafishaji wake, ilinipotezea shilingi elfu saba na mia tano.