Tangazo la Emmy na Mtoto Wake

Watoto wengi wa Myanga, huko Bungoma, waliingia darasa la kwanza wakiwa wamevaa nguo za mkono wa Phelista Nakhungu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la rafiki yake Beth, na hapo ndipo alipomlea binti yake wa pekee, Emmy, baada ya mumewe kufariki. Mtoto alicheza na vipande vya kitambaa, mama akakanyaga cherehani. Phelista hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili alienda kanisani, akaimba kwa sauti ya chini, akarudi kupika. Watu walimjua kwa kazi safi na kwa kutoingilia mambo ya wengine.

Emmy aliolewa Kitale na Gathii, mfugaji wa kuku wa mayai kwenye shamba dogo ambalo babu yake alilinunua alipohamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri. Shangazi zake Emmy walinung'unika kwamba msichana ameenda kuolewa na watu wasiojulikana. Phelista hakuona kosa. Gathii alikuwa na adabu. Alipoelezwa mara moja tu kwamba kwa Wabukusu mkwe hashikani mikono na mama mkwe, hakuhitaji kukumbushwa tena. Alikuwa anasimama mbali kidogo na mlango, anasalimia akiangalia chini, mpaka aambiwe akae.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, na kwa desturi ya kina Gathii akapewa jina la nyanya yake wa upande wa baba, Mary Ann. Phelista alikubali, ila yeye kwa siri yake akamwita Nakhumicha, kwa sababu alizaliwa watu wakiwa mashambani wanapanda mahindi. Mtoto aliitikia yote mawili.

Mary Ann alipofikisha miaka mitatu, Emmy alipata mimba nyingine, na hiyo ikaharibika ikiwa tayari mtoto anacheza tumboni. Hapo ndipo alipoanza kunyamaza. Hospitalini walimwambia Gathii mkewe yuko sawa, apumzike, ale matunda. Emmy akaja Myanga kukaa kwa mama yake, akalala akiangalia ukuta. Phelista alimpikia uji wa wimbi, akamwombea, akamwambia Mungu atampa mwingine. Emmy akasema, "Sawa, mama," kama mtu anayejibu mgeni. Kisha akarudi kwake Kitale.

Asubuhi moja mwezi wa sita, Gathii alitoka kupeleka mayai mjini. Aliporudi alikuta mlango umerudishwa tu, simu ya Emmy iko mezani, na kikombe cha mtoto kina uji ulioganda juu. Aliuliza majirani, akazunguka mpaka barabarani, ndipo akampigia Phelista simu.

"Mama, Emmy amefika huko?"

Phelista alisema hajafika. Gathii akaenda kituo cha polisi.

Polisi waliandika maelezo wakamwambia asubiri. Gathii hakuweza kusubiri. Akaweka picha kwenye Facebook, ile waliyopigwa Pasaka, Emmy akiwa na gauni la kijani aliloshonewa na mama yake na Mary Ann amekaa kwenye mapaja yake, andazi mkononi. Chini akaandika kwamba wamepotea, tena akaweka namba mbili za simu, yake na ya Phelista.

Mwanzoni watu walikuwa wema. Waliandika maombi, wakasambaza tangazo kwa jamaa zao Eldoret, Kakamega, Nakuru. Phelista hakuwa na simu ya kuonyesha picha, kwa hiyo Beth alikuwa anatoka dukani na kumsomea pale pale kwenye cherehani. Alisikia majina ya watu asiowajua wakimwombea binti yake, na moyo wake ukapata nguvu kidogo.

Halafu maneno yakageuka. Mmoja aliandika kwamba mwanamke hawezi kuacha simu nyumbani kama yuko hai. Mwingine akauliza mbona huyo bwana halii. Wakaangalia picha, wakasema mtoto hafanani na baba. Wengine wakasema ameenda na dereva wa lori, wengine wakasema wanaume wa kabila la huyo bwana wakioa wasichana wa Bungoma mwisho wake hujulikana. Hatimaye mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kitale akaandika kwamba polisi wachimbe pale kwenye nyumba ya kuku. Hilo ndilo lililopendwa kuliko yote.

Phelista alimwambia Beth aache kusoma. Akashona pindo moja, akashona la pili, kisha akainua kichwa na kuuliza wanasema nini sasa.

Siku chache baadaye kijana mmoja anayeitwa Mukhisa alishuka kwa pikipiki mbele ya baraza. Alikuwa na chaneli yake ya video mjini Bungoma, na watu wengi walimfuata. Alimsalimia Phelista kwa Kibukusu, akamwita mayi, mama. Akamwambia akiongea, watu wataguswa na Emmy atapatikana. Phelista hakutaka, lakini alifikiri labda binti yake atamsikia popote alipo. Akafunga kitambaa vizuri kichwani.

Mukhisa alimuuliza kama Emmy na mumewe waliwahi kukosana. Phelista alisema hakuna nyumba isiyo na maneno. Akasema kuna wakati Emmy alikuja akakaa kwake, akiwa hali wala hasemi. Akaeleza habari ya mimba iliyoharibika, akasema mkwe wake ni mtu mzuri. Aliongea kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake. Mwishoni aliangalia simu ile akasema, "Emmy, mama yangu, rudi nyumbani."

Video ilipotoka, mimba haikuwamo, na mkwe mzuri hakuwamo. Kulikuwa na Phelista akisema hakuna nyumba isiyo na maneno, kisha Phelista akisema Emmy alikuja akiwa hali wala hasemi, kisha machozi. Juu yake yaliandikwa maneno makubwa mekundu kwamba mama amefichua siri ya mkwe. Beth aliiangalia mpaka mwisho, akazima simu. Phelista akaelewa kwa kumwangalia uso.

Kesho yake watu walienda kwa Gathii na majembe. Wengine walitoka kijijini, wengine walitoka mbali. Walivunja nyumba ya kuku, wakachimba mpaka mashimo yakafika magotini, na Gathii alipojaribu kuwazuia wakampiga. Mama yake, Mary Ann Wangui, ndiye aliyejilaza juu yake mpaka polisi wakafika. Hawakupata kitu kwenye udongo. Kuku wengi walikanyagwa, waliobaki wakachukuliwa.

Phelista alifunga cherehani akaenda Kitale peke yake. Alikuta lango limeng'olewa na manyoya yametapakaa uani. Wangui alikuwa jikoni. Alimwangalia kwa muda, akasogeza kigoda kwa mguu na kumwambia aketi. Hakumkaribisha wala kumfukuza.

Gathii alikuwa ndani, jicho moja limefumba kwa uvimbe na mdomo umeshonwa. Alipomwona mama mkwe alijaribu kusimama kwa heshima kama alivyozoea. Phelista akavuka chumba, akashika mikono yake yote miwili. Hakuwa amewahi kufanya hivyo tangu siku ya posa.

"Baba Mary Ann, yale hawakuyaonyesha jinsi nilivyosema."

"Najua, mama. Nilikuwa nakujua kabla ya hiyo video."

Wakakaa hivyo. Baadaye Wangui akaleta chai, akaweka kikombe cha Phelista karibu naye.

Wiki zikapita. Simu za watu waliomwona Emmy ziliendelea kuingia, mara yuko Malaba, mara yuko Nairobi, mara wamemwota amezikwa karibu na mto. Gathii alikwenda kila mahali alipoambiwa. Mtandaoni watu wakaanza kuchoka, wakahamia kwa mwanasiasa fulani na mke wa pili.

Simu ya kweli iliingia mchana, Phelista akiwa anapima mabega ya mtoto wa mwalimu. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Nabwile. Phelista alimkumbuka, msichana mrefu aliyesoma na Emmy sekondari, sasa anafanya biashara ya nafaka Suam, mpakani na Uganda.

"Mama, Emmy yuko kwangu," Nabwile alisema. "Yuko hai. Lakini njoo, mama. Njoo na baba wa mtoto."

Phelista aliuliza mtoto yukoje. Nabwile akalia, na hapo jibu likawa limeshatolewa.

Walifika Suam yeye na Gathii jioni hiyo. Emmy alikuwa ameketi sakafuni kati ya magunia ya maharagwe, amekonda, na Mary Ann amelazwa kwenye godoro, amefunikwa leso mpaka kifuani kama mtu aliyelala. Gathii alipiga magoti, akamwinua mtoto, akamweka begani jinsi alivyokuwa akimbeba kwenda kuangalia kuku. Alitembea naye chumbani huku na huku. Hakuna aliyemzuia.

Emmy alimweleza mama yake yote kwa sauti ya kawaida, bila kulia. Asubuhi ile alihisi kwamba akibaki ndani ya nyumba ile siku moja zaidi atajidhuru. Akamchukua mtoto, akaacha simu ili asipigiwe na mtu yeyote, akaja kwa Nabwile. Alimwapisha Nabwile asiseme. Alitaka apumzike kidogo tu. Na kweli alianza kupata usingizi, akaanza kula.

"Nilikuwa nataka kurudi, mama. Nguo za mtoto nilikuwa nimefua tayari. Halafu nikamwomba Nabwile simu nimpigie baba Mary Ann, nikakuta picha yetu. Nikasoma. Nilisoma mpaka macho yakauma. Nikakuona na wewe."

"Yale hayakuwa maneno yangu yote, Emmy."

"Sasa najua. Wakati ule sikujua. Nikaona hata wewe umeamini. Nikaona wamempiga baba Mary Ann kwa sababu yangu. Nitaingia Kitale na uso gani? Ati mwenye wazimu amerudi?"

Kwa hiyo akakaa. Mtoto akapata homa. Emmy alimpeleka kwenye zahanati, akapanga foleni na akina mama wengine. Msichana mmoja aliyekuwa mbele yake aliangalia simu yake, akamwangalia Emmy, akaangalia simu tena, kisha akaiinua kumpiga picha. Emmy akafunika uso wa mtoto na kutoka. Alinunua dawa dukani, akampa, homa ikashuka, akashukuru. Ilipopanda tena, mtoto alianza kupumua kwa shida. Nabwile alikuwa sokoni. Aliporudi na kuita pikipiki, walikuwa wamechelewa. Mary Ann alikata roho njiani, kati ya mama yake na mwendeshaji.

Walimzika Kitale, nyuma ya nyumba ya Wangui, kwenye udongo ambao tayari ulikuwa umechimbuliwa na wageni. Watu walikuja wengi, na baadhi yao Phelista aliona ndio wale wale waliokuja na majembe, sasa wamekaa kwenye viti vya kukodi wameinamisha vichwa. Mukhisa naye alikuja. Alisimama karibu na kaburi, simu imeinuliwa, akinong'ona maelezo. Wangui alimwendea polepole na fimbo yake.

"Kijana, weka hiyo simu mfukoni ushike koleo, ama utoke kwangu."

Mukhisa alitoka. Kabla jua halijatua alikuwa ameweka video iliyopigwa kutoka langoni, yenye mshumaa na muziki wa huzuni, akiwauliza wafuasi wake kama ni haki mama huyo asishtakiwe. Waliojibu walikuwa maelfu. Kuna waliosema walijua tangu mwanzo, ingawa walichokijua tangu mwanzo kilikuwa kingine kabisa.

Emmy hakushtakiwa. Gathii alienda kituoni akaandika maelezo kwamba mke wake alikuwa mgonjwa na hakuna aliyemtibu, hata yeye. Alimwomba warudi nyumbani pamoja, akamwomba tena. Emmy alisema hawezi kulala pale akisikia upepo unapiga mabati ya nyumba tupu ya kuku. Akarudi Myanga na mama yake. Sasa anakwenda kliniki ya Bungoma kuongea na muuguzi mmoja mwenye subira, na siku nyingine anakaa barazani akishona vifungo. Gathii huja Jumapili baada ya kanisa. Yeye na Emmy hukaa nje, viti vyao vimetazama upande mmoja, wanaongea kidogo. Phelista huwaacha.

Gathii alishafuta tangazo lile, lakini waliolichukua hawakulifuta. Bado linazunguka. Kila baada ya muda mtu mpya analiona, anahurumia, anasambaza. Mwezi uliopita simu ya Phelista ililia akiwa anaweka uzi, na sauti ya mwanamke kutoka mbali ikasema kwa furaha kwamba amewaona, mama na mtoto, kwenye kituo cha mabasi, mtoto ana afya, anakula mahindi ya kuchoma.

Phelista alimwacha amalize. Alimshukuru kwa kujali.

"Mama tunaye," alisema. "Mtoto tulimzika."

 Kisha mwanamke yule akavuta pumzi, akapunguza sauti kama watu wanavyoongea jikoni, akauliza, "Pole sana mama. Na kwani ilikuwa nini? Ni bwana?"

Phelista akakata simu, akaiweka kwenye droo ya cherehani. Emmy, aliyekuwa ameketi mlangoni na nguo ya mtu mapajani, aliuliza ni nani.

"Ni mtu wa kuuliza bei," mama yake alisema, na akarudi kwenye kazi yake.