Kuku Waliomlilia Mama

Ningewaomba msinicheke, lakini kijiji chetu kizima cha Kabazi kilishanicheka, kwa hivyo jisikieni huru.

Mama alipofariki aliacha kuku watatu wa kienyeji, na mimi, mtoto wake wa pekee, sikutaka wachinjwe wala wagawiwe majirani, nikawabeba hadi kwangu mjini, mtaa wa Kaptembwo, nikawafungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba, nikawa nawalisha nilichokula mimi, ugali wa unga mweupe na wali uliobaki (mboga sikuwapa, mjini mboga inanunuliwa). Hao ndio walikuwa kitu pekee chenye uhai alichoniachia.

Miezi ikapita, macho yao yakaanza kutoa machozi. Sasa, mimi siku ya mazishi sikutoa chozi hata moja, shangazi zangu wakaona hivyo na wakanisema, kwa hivyo kusema kweli nilifarijika. Nikajiambia wanamkumbuka. Badala ya kumwita daktari wa mifugo, nikawa nakaa nao jioni tunaomboleza pamoja.

Ibada ya kumkumbuka Mama ilipofika, nikambeba mmoja hadi Kabazi, nikasimama mbele ya watu nikamwinua juu.

"Hata kuku wake bado wanamlilia," nikasema.

Watu wakaitikia amina, wengine wakatoa leso. Mama mdogo, anayefuga kuku tangu sijazaliwa, akaja akamchukua yule kuku, akambandua kope zilizoshikana, ndani kukawa na usaha mzito kama maziwa yaliyoganda. Akamfungua mdomo: vipele vyeupe.

"Ulikuwa unaipea nini?"

"Ugali na wali, mama."

"Na majani?"

"Mjini majani yananunuliwa, mama."

"Hii kuku hailii mtu. Imekosa vitamini A. Mama yako alikuwa anazikatia majani ya sukuma kila jioni, kwani hukuwa unaona?"

Kicheko kilianzia nyuma kikafika hadi kwa mchungaji (alijaribu kukohoa). Hapo ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike, na watu wakadhani ni aibu. Lakini kweli sikuwa naona. Nilikuwa nikija nyumbani nakula, nalala, narudi mjini.

Wawili walipona kwa sukuma na vitamini za kuchanganya kwenye maji. Yule niliyemwinua alikuwa ameshapofuka, akafa. Siku hizi kuku akitokwa na machozi namfungua mdomo kwanza. Kulia, nitalia mwenyewe.