Soda ya Mwenye Mahali

Srrrp! Ule mlio wa mrija ukinyonya tone la mwisho ninao masikioni hadi leo. Juzi, kwenye mgahawa wa Kithai huko Kista, niliona kinyumba cha dhahabu kimewekewa soda nyekundu yenye mrija, nikacheka peke yangu.

Kinyumba kama hicho kilikuwa kwenye roshani ya kina Ploy, rafiki yangu wa pekee utotoni pale Norsborg, tulikohamia kwa Waswidi. Udi ulinukia, na kitunguu saumu kilikuwa kikikaangwa jikoni. Nilidhani ni nyumba ya wanasesere na soda ni ya mgeni. Nikainywa yote.

"We! Umemmalizia babu soda yake!" Ploy alipiga kelele.

Mama yake akatoka na mwiko mkononi. Nikajua sitakaribishwa tena. Kumbe aliinama, akanichorea ramani ya kwao Thailand kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu: kichwa cha tembo, mkonga ukishuka baharini.

"Kwetu kila ardhi ina mwenyewe, roho aliyetutangulia; ndiye huyo babu," alisema kwa Kiswidi chake cha taratibu. "Tunampa kinywaji, naye anatulinda."

"Na hapa Norsborg?"

"Hapa pia, mwanangu. Haya, njoo ule."

Sasa najua imani hiyo huishi bega kwa bega na Ubuddha wao. Siku ile niliwaza tu kwamba sisi kwetu hatujawahi hata kumsalimu huyo mwenye mahali. Niliporudi nyumbani nikamimina sharubati yangu kikombeni, nikaiweka kwenye theluji ya roshani yetu. Nikagonga sakafu kwa kidole, nikasema hodi.