Miwani ya Daktari

Daktari yule alikuwa na sauti ya kubembeleza, na kila Ketrina aliposhuka Tunduma kutoka Itaka alimpokea kwa neno lile lile: "Mama, kahawa imechanua?" Ketrina akimuuliza habari ya titi lake lililoota uvimbe, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaifuta tena, macho kayainamisha. "Tuendelee na dawa, mama. Mungu yupo." Kisha alimwita barazani Lusubilo, kaka wa Ketrina, wakanong'ona huko, ngurumo za malori ya mpakani zikiwafunika. Safari iliyopita Ketrina alifoka: "Titi ni langu, mbona mnaambiana ninyi?"

Leo uvimbe ulikuwa umeota tena, kwapani. Daktari aliupapasa polepole, akanawa mikono, hakuuliza kahawa. "Lusubilo, tupishe kidogo."

Lusubilo alitoka, akaufunga mlango.

"Saratani imerudi, mama. Safari hii haitapona. Maumivu nitayapunguza, na lolote utakaloniuliza nitakujibu."

Miwani ilikuwa usoni, imetulia, na nyuma yake macho yakimtazama. Ukweli alioupigania Ketrina sasa ulikuwa mbele yake, naye alitamani kitu kimoja tu: mtu huyu aivue miwani, aifute.