Tawi Katika Shimo la Njia

Nakushukuru, Mungu, kwa uzee huu wenye kumbukumbu. Juzi niliona vijana wamesimika tawi la mchikichi katika shimo la barabara, nikarudi utotoni.

Udongo ulinukia mvua. Papa, baba yangu, alichelewa kurudi na baiskeli kutoka Mumosho, nikatoka kumtazamia. Njiani nikakuta tawi la mchikichi, kama yale yanayosimikwa njiani kuonyesha penye matanga. Nikalia, nikiamini Papa amefariki.

Mara kengele ya baiskeli ikalia nyuma yangu. Papa! Magoti yake yalikuwa na matope na damu.

“Papa, nani amekufa?”

“Hakuna mufu hapa, mama,” akanibembeleza mimi binti yake. “Iko shimo tu! Imeniangusha. Nimeweka tawi wengine waone, nikaenda kumwambia kapita, musimamizi wa watengeneza barabara.”

Hata leo, nikiona tawi njiani, moyo hushtuka kwanza, kisha hushukuru. Wewe unayesoma, Mungu akufikishe nyumbani salama.