Niko Hapa Tu

Kuna uongo mmoja ambao sisi tunaozungumza Kiswahili tumesameheana kabla haujasemwa. Mtu yuko bafuni, povu limemjaa kichwani, simu inalia, anaulizwa, "Umefika wapi?" Naye bila kupepesa jicho anajibu, "Niko hapa tu, nakaribia." Huku viungani mwa Washington Wakenya na Watanzania tunabishana kuhusu kila kitu, kuanzia nani anaharibu lugha hadi nani anajua kupika pilau, lakini kwenye uongo huu sisi ni ndugu wa tumbo moja. Anayesema anajua anadanganya, anayesikia anajua anadanganywa, na maisha yanaendelea. Mimi mwenyewe nimeusema mara nyingi nikiwa bado natafuta soksi.

Siku moja ya theluji uongo huo nusura uninyang'anye mtu ninayempenda.

Mtu huyo ni Mtanzania, amenizidi umri, kwa hiyo namwita dada. Tulikutana kazini. Sote wawili tunamtunza mzee mmoja wa Rockville aliyefiwa na mkewe, ambaye miguu yake imegoma na hawezi kutoka kitandani bila mtu wa kumshika. Mimi huingia asubuhi, dada hunipokea alasiri. Sheria yetu ni moja: huondoki mpaka mwenzio aingie mlangoni. Mimi natoka Germantown, yeye anatoka Bladensburg, na kati yetu na mzee kuna barabara ambazo wakati wa baridi hazina utani.

Nilipoanza kazi hiyo nilikuwa nimejinunulia gari dogo kuliko yote yaliyokuwa yakiuzwa kwenye yadi ya magari. Dada alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, akalipigapiga paani, akasema, "Mdogo wangu, hili si gari. Hiki ni kiatu." Nikanuna, maana mimi sichelewi kununa, nikamwambia kiatu changu kinakunywa petroli kidogo kuliko yeye anavyokunywa chai. Akacheka mpaka akashika ukuta. Jina likabaki, na urafiki ukaanza hapo.

Baridi ilipoingia nilikuwa na majivuno. Kwetu Kenya ni nyanda za juu. Wakati wa mvua ndefu barabara za kwetu hugeuka tope zito, na mimi nimeendesha pikapu ya baba kwenye tope hilo tangu nilipopata leseni. Theluji itanifanya nini? Dada hakubishana nami. Jumapili moja asubuhi, theluji ilipokatika, aliniongoza na Kiatu changu mpaka kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari kando ya barabara ya Rockville Pike, maduka yakiwa hayajafunguliwa.

"Haya, kimbia kidogo, halafu kanyaga breki kwa nguvu zako zote."

Nikakanyaga. Breki ikatetemeka chini ya mguu kama kuku aliyekamatwa. Nikashtuka, nikaiachia, na Kiatu kikaendelea kuteleza ubavu mbele hadi kikajichokea chenyewe.

"Usiiachie!" alifoka. "Ikitetemeka ndiyo inafanya kazi! Na macho yako yatazame unakotaka kwenda, siyo unakoogopa. Wewe uliitazama ile nguzo ya taa, na gari nalo likaitamani."

Tulirudia mpaka shingo ikaniuma. Nilipodai kwamba sasa nimehitimu, alinishusha, akanipa brashi nifagie gari zima. Mimi nilikuwa nimekwangua kijitundu tu kwenye kioo cha mbele, pa kuchungulia. Akaniuliza kama naendesha gari au napeleleza ndoa ya watu. Akanifagilisha na paa, kwa sababu theluji ya paani hungoja ukanyage breki ndipo imwagike mbele ya macho yako. Kwenye buti akaniwekea mfuko wa mchanga wa choo cha paka, wa kumwaga chini ya tairi linapozunguka bure, na blanketi, na koleo fupi la plastiki. Aliniambia daraja huganda kabla ya barabara, kwa hiyo nipunguze mwendo kabla ya kulifikia, nisisubiri nikiwa juu yake. Mwisho alinizungusha nyuma ya gari, akainama kwa shida, akaonyesha bomba la moshi.

"Hii ni pua," alisema. "Gari nalo lina pua. Kabla hujawasha, njoo uifute. Theluji ikiliziba pua, hewa mbaya itarudi ndani, na wewe utalala usingizi usioamka. Haina harufu, haina rangi. Umenisikia?"

Nilimsikia. Tangu siku hiyo majirani zangu wa Germantown wananiona kila asubuhi ya theluji nikipenga gari langu, na wananihurumia.

Siku ninayoisimulia theluji iliwahi kuliko ilivyotabiriwa. Adhuhuri ilikuwa inadondoka kidogo kidogo. Baada ya chakula cha mchana nyumba ya ng'ambo haikuonekana. Shule zilikuwa zimewarudisha watoto mapema, na wangu walikuwa kwa jirani. Nilitaka kwenda nyumbani, na ninapotaka kwenda nyumbani huwa sina subira. Nikampigia dada.

"Umefika wapi?"

"Niko hapa tu, mpenzi. Nakaribia."

Nikatafsiri kichwani kama tunavyotafsiri sote: anavaa viatu. Nikakata simu, nikaanza kugongagonga vyombo jikoni. Mzee aliniita. Miaka yote hii tukipokezana mlangoni kwake, ameyadaka maneno mawili matatu, na hilo la "niko hapa tu" ndilo alipendalo kuliko yote. Ukimuuliza kama amemaliza kula, anakujibu hivyo huku sahani imejaa. Akaniuliza dada yuko wapi.

"Anasema yuko hapa tu," nikamwambia.

"Basi yuko kwake," akasema mzee, tukacheka. Nakumbuka kicheko hicho kuliko ninavyopenda.

Muda ukapita. Gari la kukwangua theluji lilishapita barabara kubwa, dada hakuonekana. Nikapiga tena, safari hii nikiwa nimeziandaa lawama zangu vizuri.

"Dada, ebu niambie ukweli, uko wapi? Watoto wangu wako kwa watu!"

"Niko hapa tu, mdogo wangu." Alivuta maneno. "Usiwe na wasiwasi. Nimeteleza kidogo tu, nikaingia kinyumenyume kwenye lundo la theluji. Nawasubiri wale wa theluji wapite wanisaidie. Hita ipo, nimewasha... sina baridi. Kichwa tu kinanigonga. Na usingizi, jamani. Usingizi mtamu huo..."

Dada yangu si mtu wa kuongea polepole. Hata akiomba dua anakimbia.

"Umeingia kinyumenyume? Nyuma ya gari iko ndani ya lundo?"

"Mm."

"Pua, dada! Pua ya gari! Zima injini! Fungua mlango utoke! Sasa hivi!"

Nilimwita kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya nyumba ya mtu.

"Pua..." akasema, kama anayejaribu kukumbuka mtu waliyesoma naye.

"Zima gari! Unaona nini mbele yako? Nitajie kitu kimoja."

"Kanisa. La matofali."

Kanisa la matofali liko chini ya kilima cha mzee. Siku nyingine naliona kutoka dirisha la jikoni nikiosha vikombe. Siku ile moja, katika siku zote za kujuana kwetu, alikuwa hapa tu kweli, tangu simu ya kwanza, na mimi nilikuwa nimecheka.

Nikasikia injini ikinyamaza. Nikasikia mlango, kisha simu ikaanguka mahali laini. Mzee tayari alikuwa na simu yake mkononi, anawapigia watu wa dharura, na kwa mkono mwingine ananifukuza kama mtu afukuzaye kuku. Nikamwambia siwezi kumwacha peke yake, ni sheria. Akanijibu kwamba yeye haendi popote, maana miguu yake imeshahakikisha hilo, na kwamba nikiendelea kusimama pale atanifukuza kazi. Nikachukua koleo la mlangoni, nikatoka na kandambili za ndani.

Kilima kile huwa nakiteremka kwa Kiatu taratibu, gia ndogo, mguu mbali na breki. Siku hiyo nilikiteremka kwa makalio sehemu kubwa. Nilimkuta dada amepiga magoti kando ya mlango ulio wazi, anatapika kwenye theluji, mtandio umemwangukia. Gari lake, ambalo halizidi langu kwa lolote, lilikuwa limezama hadi kwenye taa za nyuma. Nilimkokota mpaka kwenye ngazi za kanisa, mbali na gari, nikamkumbatia kwa nyuma na kumwamuru apumue. Nilimgombeza na kumbusu kichwani, vyote kwa pamoja, na nililia bila aibu yoyote.

"Kwa nini hukuniambia umekwama?"

"Niliona haya," akasema huku akijifuta mdomo. "Mwalimu mzima wa theluji. Nikasema nitatoka tu, nisikutie hofu."

"Mganga hajigangi," nikamwambia.

"Na mganga mwenyewe leo kapaliwa na dawa yake," akasema, akatapika tena. Sijawahi kufurahi hivyo kumsikia mtu akitania. Gari la wagonjwa lilikuja polepole, minyororo kwenye matairi, nikawabariki wote waliokuwamo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikikuyu.

Binti wa mzee, anayekaa mtaa wa pili, alikuja kwa miguu kushika zamu. Nami nikafagia Kiatu chote, paa na taa, nikaifuta pua mara mbili, nikaelekea hospitali. Sikumbuki kama niliwahi kuendesha kwa uangalifu hivyo. Nilimwacha wa mbele yangu aende mbali hadi waliokuwa nyuma wakakereka. Kabla ya daraja nilipunguza mwendo. Kwenye kona moja nyuma ya gari iliniponyoka kidogo, na badala ya kuitazama nguzo niliitazama barabara, nikageuza usukani taratibu kuelekea huko, na Kiatu kikarudi kwenye njia yake kama kilivyofundishwa. Kila kitu nilichokifanya sawa jioni ile nilikuwa nimefundishwa na mtu niliyekuwa namfuata hospitali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti njia nzima: kwa ajili yake, kwa ajili ya uwanja mtupu wa Jumapili, na hata kwa breki iliyonitetemekea.

Walikuwa wamemvika barakoa ya oksijeni. Walisema atalala pale usiku mmoja wamwangalie, na kwamba alitoka ndani ya gari kwa wakati. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yake. Akainua barakoa kidogo, muuguzi akamkazia macho.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Niko hapa tu," nikasema, na mkono wangu ulikuwa juu ya mguu wake.

Tangu wakati huo tumewekeana mwiko. Kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna "niko hapa tu" kati yetu. Unasema ulipo, hata kama ni aibu. Nimeshapokea ujumbe wa "bado nakula", na "nimesahau funguo, narudi", na mimi nimeshamwandikia kwamba niko kwenye kona fulani nimesimama tu kwa sababu naogopa. Hakuna aliyemcheka mwenzie. Ni vigumu kueleza raha ya kuambiwa ukweli na mtu anayechelewa.

Baridi hii iliyopita theluji ilianguka tangu alfajiri, na alasiri ilipofika nilikuwa nimesimama dirishani kwa mzee, koti mwilini, Kiatu kimefagiliwa na kinaningoja. Simu ikalia. Ilikuwa ni dada: "Bado niko Bladensburg. Sijawasha hata gari. Naifuta pua."

Mzee akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia bado yuko nyumbani kwake, mbali kabisa, na kwamba tutachelewa sana.

Mzee akafumba macho, akalaza kichwa kwenye mto. "Asante Mungu," akasema kwa Kiswahili. Nikavua koti, nikaenda kumwekea dada chai jikoni.